Umemaliza PhD ya bahari: ubaki Unguja au uende Bremen, Ujerumani?

Pesa tusidanganyane, Ujerumani inashinda. Ila usiitazame ile namba ya juu ya mkataba, maana kodi, bima ya afya na pensheni vinakatwa hata mshahara haujakufikia, na mkataba wenyewe mara nyingi wa miaka 2 au 3 tu halafu unaanza tena kutafuta, na sheria yao kwa kawaida inaweka ukomo wa miaka 6 baada ya PhD kwa mikataba hiyo ya muda.

Unguja kuna SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Buyu, nafasi chache na tangazo utalingoja mpaka uchoke. Lakini bahari yenyewe ipo hapa bwana! Kinamama wa Paje na Jambiani wanalima mwani wa biashara tangu 1989, maji yakipata moto kotonii, aina ya mwani wanaolima, inaoza, na wee ukiwepo, siku za bamvua maji yakikupwa sana unashuka nao pwani unaona kwa macho na kuuliza. Bremen maabara nzuri kweli, kile kituo cha utafiti cha Leibniz kinasoma bahari za tropiki hasa, ila sampuli utasubiri mwenzio akupelekee.

Baridi utazoea. Kumwacha bi mkubwa, mama yako, kule Wete, hilo ujipime mwenyewe.

Mie kwa asiye na watoto nasema aende. Kama ushaajiriwa hapa, omba ruhusa bila malipo kwanza, kwa maandishi, ndo usaini mkataba wa kwao.