Formasyo ya mitetemo ya mabomba niliyolipia dola 180: uzoefu wangu

Wenzangu wa mu usine (kiwandani) wananiuliza kila siku kama hii formasyo, yaani kozi, ya onlaine inafaa ama nilitupa feza, basi naandika mara moja. Jina la walioitengeneza naacha, nina mazuri na mabaya ya kusema juu yao na sitaki kesi na mtu.

Mi niko L'shi (Lubumbashi, Kongo), nafanya mentenansi ya mekanike kwenye usine moja ya shaba nje ya mji, huu mwaka wa sita. Hesabu za kawaida za mabomba, yaani uzito, presha na joto, nilikuwa najua kiasi. Za mitetemo hapana kabisa. Kwetu bomba likianza kutetemeka dawa ilikuwa moja, chuma. Leta kornyeri (chuma cha pembe), chomelea, rudi nyumbani.

Kilichonifanya nilipe ni kabomba ka dreni (ka kutolea maji) ka inchi robo tatu, kametoka kwenye bomba kubwa la pompi ya maji, urefu sentimita 40, na juu yake kuna valvu mbili za chuma zimefuatana, jumla kama kilo 5 hv. Kalipasuka shingoni, pale pale kanapoungana na bomba kubwa. Papa wetu wa kuchomelea akakarudisha. Kakapasuka tena, akaweka weldi nene zaidi. Mara ya tatu akachukua kornyeri akafunga valvu kwenye nguzo ya zege iliyo pembeni, akanipiga begani, "Mwanangu, sasa hapa hata tetemeko la ardhi halikatoi." Siku tisa. Mi njo nilikuwa zamu ya usiku, maji yananirukia usoni na shefu ananipigia simu anauliza kwa nini presha inashuka.

Formasyo yenyewe ni masaa kama 22 ya video, mazoezi, na sertifika mwishoni. Yote kwa Kiingereza, ya mwalimu Muhindi anayeongea mbio, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunateseka wiki ya kwanza, baadaye sikio linazoea. Sehemu ya kwanza ni nadharia, sikulala nayo sana. Ila kuna hesabu moja ilinikamata. Chukua bomba la chuma la inchi 6, skedyuli 40 (ndiyo unene wa ukuta wake), limejaa maji, limekaa juu ya suporti mbili zenye mita 6 katikati. Frekwensi yake ya asili, yaani mara ngapi linacheza lenyewe ukiligonga, inakuja karibu 9.7 kwa sekunde. Sogeza suporti ziwe mita 3, inapanda hadi 39. Umegawa urefu kwa mbili na frekwensi imeruka mara nne! Miaka sita naongeza suporti mi sijawahi kujua kwamba nilikuwa nahamisha frekwensi, na kwamba naweza kuihamisha vizuri ama nikaipeleka moja kwa moja juu ya mzunguko wa pompi. Maana kuna siku tuliongeza suporti na mtetemo ukazidi, tukabaki tunaangaliana.

Kisha inaingia kwenye programu ya kompyuta ya kuhesabu mabomba, wao wanatumia CAESAR II. Hapa wasiojua hesabu tupu wanaumia. Zoezi la kwanza nilichora bomba la mita 12 lenye nodi (pointi za hesabu) mbili tu, mwanzo na mwisho, nikapiga modo, yaani hesabu ya frekwensi za asili, jibu likatoka la ajabu. Nikafikiri kompyuta imeharibika. Kumbe ile programu inakusanya uzito wa bomba kwenye nodi, na nodi zangu zote zilikuwa juu ya suporti, kwa hiyo katikati hapakuwa na uzito wa kucheza. Inabidi uongeze nodi za katikati hata kama hakuna kitu pale. Kwa hesabu ya uzito na joto unaweza kuishi bila hiyo, kwa mitetemo inakudanganya na rangi nzuri nzuri. Pia msuguano na nafasi za suporti, bomba linapoinuka kidogo na kushuka, kwenye dainamiki (hesabu ya mitetemo) programu haizifuati kama zilivyo, inazigeuza kuwa springi tu, hivyo ukiweka suporti yako ngumu kama mwamba wakati kwa kweli ni kornyeri mbili zenye kutu, jibu ni la usine nyingine siyo yako. Mwalimu alisema hii mara nyingi hadi ikakera, lakini alikuwa na haki.

Sehemu ya pigo la maji ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu sisi hapa kura (umeme) inakatika tunajua wenyewe. Pompi inazima ghafla, maji yanaendelea kidogo kwa mwendo wake, yanasimama, yanaanza kurudi, yanakuta klapeti (valvu ya kuzuia maji yasirudi) inajifunga, puuu! usine yote inasikia. Hesabu ya Joukowsky, ya kupata presha ya hilo pigo, ni fupi kuliko nilivyodhani: uzito wa maji kwa kila mita ya ujazo mara kasi ya sauti ndani ya bomba mara mwendo uliozuiwa. Kwenye bomba la chuma ile sauti inakimbia kama mita 1,200 kwa sekunde, kwa hiyo ukizuia maji yaliyokuwa yanaenda mita 1 tu kwa sekunde unapata bar 12 juu ya presha iliyokuwepo. Bar 12 za bure! Na ile presha inapita kwenye viwiko inasukuma bomba upande mmoja halafu mwingine, ndiyo maana suporti zetu za pale mwisho zinang'oka kila msimu na sisi tulikuwa tunasema mafundi wa zamani walichomelea vibaya.

Walionyesha pia ajali ya Flixborough, Uingereza, ya 1 Juni 1974, watu 28 walikufa. Kwa kweli siyo hadithi ya mtetemo, ni ya bomba la muda la inchi 20 lililowekwa kati ya mabelo (viungo vya chuma vyenye mikunjo) mawili bila mtu kufanya hesabu ya nguvu zake. Wengine kwenye formasyo wataipita haraka. Mi nilisimamisha video pale waliposema mchoro wa lile bomba ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana, maana sisi pia tunachora kwa chaki sakafuni, wiki ile ile nilikuwa nimechora.

Sasa ka dreni. Jumamosi pompi imesimama, nikamwomba Papa aikate kwanza ile kornyeri ya nguzo. Hakufurahi. Nikafunga simu yangu kwa skochi juu ya valvu, nikafungua ile aplikesheni ya kupima mtetemo, nikagonga na nyundo ya mpira. Mlima ukatokea kwenye 25 na kidogo kwa sekunde, ndiyo frekwensi yake ya asili. Pompi inazunguka mara 1,480 kwa dakika, gawanya kwa 60 unapata 24.7. Yaani kale kabomba kalikuwa kanaimba wimbo mmoja na pompi mchana na usiku. Na kornyeri ya Papa ilikuwa imekashika kwenye nguzo isiyocheza wakati bomba kubwa linacheza na kujivuta kwa joto, hivyo shingo ndiyo ilikuwa inalipa deni la wote. Kumbe ukitaka kufunga kabomba kadogo unakafunga kwenye bomba mama, kaende nalo pamoja. Papa aliangalia simu, akagonga yeye mwenyewe mara mbili tatu, akasema "eh".

Tukatoa valvu moja tukaweka plagi, tukafupisha hadi sentimita 28. Nikapima tena, 60 hivi. Nilitaka iwe mbali asilimia 20 na mara mbili ya mzunguko, ambayo ni 49 na pompi inatikisa pale pia, na nisiipandishe sana kwa sababu impela (gurudumu la ndani ya pompi) ina mapanga matano na mapanga yanapiga kwenye 123. Miezi mitatu haijapasuka. Miezi mitatu siyo mingi najua, lakini mara ya mwisho ilikuwa siku tisa. (Simu yangu inapima mara 200 kwa sekunde kwa hiyo juu ya 100 haioni kitu, msiiamini kwa kila jambo.)

Mabaya. Karibu theluthi nzima ni kompresa za pistoni na API 618 (kanuni za hizo kompresa), mambo ya gesi na petroli, nililipia na sikutumia hata dakika moja. Mabomba ya tope la madini na yale ya plastiki nyeusi, ambayo hapa kwetu yako kila fasi, hakuna neno. Leseni ya programu hawatoi, unatafuta mwenyewe, mi nilitumia ya kazini usiku wenzangu wakienda kula. Swali nililouliza kuhusu viungo vya mpira lilikaa siku sita ndipo msaidizi akanijibu nirudie video ya 14. Video ya 14 inazungumza kitu kingine. Sertifika ilikuja na jina langu limegeuzwa, imebidi niandike mara tatu.

Na video nzito sana, forfe (bando la intaneti) ya mwezi nilimaliza kwa siku nne. Pakua usiku kama una wifi ya mahali, angalia bila intaneti.

Kama hujui bado hesabu ya kawaida ya mabomba, usinunue, utalia. Kama unaijua na kila wiki kuna kitu kinapasuka kwako, dola 180 zinarudi. Kuna daraja la pili la dola 240, la tetemeko la ardhi na valvu za usalama, mi nasubiri primu (bonasi) ya mwisho wa mwaka. Papa ameshaazima ile nyundo ya mpira, wiki ya pili sasa, anazunguka anagonga kila dreni ya usine na hajairudisha.