Deep Purple: kikosi cha Gillan au cha Coverdale?

Deep Purple ni bendi ya roki ya Uingereza iliyobadilisha wanamuziki mara kadhaa; hapa tunalinganisha kikosi chake cha pili na cha tatu. Ritchie Blackmore (gitaa), Jon Lord (kinanda cha Hammond) na Ian Paice (ngoma) wamo katika vikosi vyote viwili. Tofauti ni mwimbaji na mpiga besi.

Kikosi cha pili, 1969 hadi 1973, kilikuwa na mwimbaji Ian Gillan na mpiga besi Roger Glover. Gillan hupanda juu hadi kupiga ukelele, Glover hushikilia besi bila mapambo. Albamu ya Machine Head, iliyorekodiwa Montreux, Uswisi, Desemba 1971, ndiyo kilele chake. Wanaojifunza Smoke on the Water, wimbo wa albamu hiyo, hukosea kwenye mlio wa gitaa unaoufungua: hutumia kodi (chords) nzito za gitaa la roki, wakati Blackmore hudonoa nyuzi mbili tu, ya tatu na ya nne, kwa vidole bila kipiko (kipande kidogo cha kupigia nyuzi). Ukitumia kipiko, nyuzi hazilii kwa pamoja na mlio hupoteza ukali wake. Lord naye alipitisha kinanda chake kwenye amplifaya ya Marshall, ndiyo maana sauti yake hukwaruza kama gitaa.

Kikosi cha tatu kilimleta David Coverdale, mwenye sauti nzito ya muziki wa blues, na Glenn Hughes, aliyepiga besi huku akiimba. Albamu ya Burn (1974) inanufaika na waimbaji wawili kupokezana beti. Stormbringer ya mwaka huohuo iliegemea mitindo ya soul na fanki. Blackmore hakuridhika, akaondoka 1975 kuanzisha bendi ya Rainbow.

Kwa gitaa na kinanda, chagua kikosi cha pili, uanze na albamu yake ya jukwaani, Made in Japan. Kwa uimbaji, Burn haina mpinzani.