Tripodi fupi au mfuko wa maharagwe? Uzoefu wangu wa kupiga picha za chini kabisa Lubumbashi

Kwenye boksi la tripodi yangu fupi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) kumeandikwa kwamba inashuka hadi sentimita 12. Si uongo, ila kipimo hicho kinaishia kwenye kibamba cha juu, pale kinapofungwa kichwa, yaani kile kifaa kinachoishika kamera. Weka kichwa cha kawaida, ongeza sentimita 9. Kutoka tako la kamera mpaka katikati ya lenzi, ongeza 5 hivi. Tayari uko kwenye 26, na uyoga uliokuja kuupiga hauzidi urefu wa kidole. Matokeo yake unaupiga ukiwa juu yake, unaambulia kofia tu, na uzuri wenyewe uko chini ya kofia: zile kunjo nyembamba, shina lenye udongo mwekundu, mdudu aliyejificha humo.

Wadogo zangu wa kazi huniuliza mara kwa mara: "Yaya (yaani kaka), ninunue trepie (tripodi) gani ya kupigia chini?" Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka, basi naliandika hapa lote.

Mimi riziki yangu ni harusi na mahari za Jumamosi. Picha za porini nazifanya kwa mapenzi, mvua zikishaanza Novemba. Ukitoka mjini kushika barabara ya Kasumbalesa au ya Kipushi, bado kuna vipande vya miombo ambavyo wachoma makala (mkaa) hawajavimaliza, na msimu huo kinamama wamepanga mabowa, yaani uyoga, kando ya lami kwa mafungu. Mengi yanayopendwa yanatoka kwenye vichuguu. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima uyoga huo chini ya ardhi, juu ya majani na miti waliyotafuna, kisha mvua zikinyesha unachomoza juu ukiwa na mzizi mrefu unaorudi hadi shimoni mwao. Kuna aina moja, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita nzima. Hiyo haihitaji tripodi fupi, inahitaji mtu wa kukusaidia kuibeba. Ila mingine mingi ni midogo, na midogo ndiyo inayosumbua.

Mtu atasema: lala chini, shika kamera mkononi, mambo yaishe. Mchana kweupe, sawa. Lakini chini ya miti, baada ya mvua, mwanga ni hafifu, na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ukiisogeza mpaka kitu kionekane kwa ukubwa wake halisi inapoteza mwanga wa stopu mbili, yaani inabaki robo tu. Hata ukibana tundu la lenzi hadi f/11, sehemu iliyo kali kwenye picha ni kama milimita moja tu, mbele na nyuma yake ni ukungu. Kwa hiyo ama unaacha shata (kipazia cha kamera kinachoingiza mwanga) wazi nusu sekunde, ama unapiga picha nyingi ukisogeza fokasi kidogo kidogo na kuziunganisha baadaye kwenye kompyuta. Njia zote mbili hazitaki mkono unaopumua.

Tripodi kubwa ya harusi ina ujanja wake: unachomoa nguzo ya kati, unaigeuza, kamera inaning'inia kichwa chini katikati ya miguu. Kwenye video za mafunzo inapendeza. Porini, skrini inaonyesha dunia imepinduka, kitufe cha shata kiko upande usiouzoea, ukivaa lenzi pana miguu inaingia kwenye picha, na kivuli cha kamera kinaangukia kitu chenyewe. Nimewahi kupata picha nzuri hivyo, ila kila mara shingo iliniuma. Ile tripodi ndogo yenye miguu ya kukunjakunja sina maneno mengi nayo: kwenye tawi au kwenye uzio wa chuma inashika, juu ya majani yaliyolowa inazama upande mmoja taratibu, na huligundui hilo mpaka ufike nyumbani.

Sasa hii fupi ya alumini. Ni ile ya Kichina inayouzwa kwa majina mengi tofauti, umbo lilelile. Nilichokipenda kwanza ni kwamba haina nguzo ya kati kabisa, na kila mguu una kufuli lake la pembe, kwa hiyo naweza kuutandaza mmoja ukalala karibu bapa na mwingine ukapanda juu ya kichuguu. Kichwa kilichokuja nacho nimekiacha mezani, nikaweka kifupi cha sentimita 6. Unashuka kidogo, hadi 23. Bado ni juu kwa uyoga, lakini kwa maua inatosha kabisa.

Maua gani? Wenyeji wa hapa wanajua. Kwenye vilima vyenye shaba miti mikubwa haioti vizuri, panabaki nyasi na mimea iliyozoea sumu ya madini. Haumaniastrum katangense ndiyo maarufu, ua la shaba lenyewe, ambalo watafuta madini walilifuata kama alama kwamba chini kuna kitu. Iko na Crotalaria cobalticola, ya manjano, inayopenda udongo wenye kobalti. Mimea hii haitambai ardhini, ina shina, nami nataka ua lionekane mbele ya mbingu. Tripodi fupi hapo inafanya kazi yake bila malalamiko. Ardhi ni changarawe ngumu, nafungua mipira iliyo kwenye ncha za miguu ya tripodi, misumari inatoka, inauma chini, haitikisiki. Upepo ndio adui, na upepo hakuna tripodi inayoutibu. Nangoja utulie.

Kasoro zake niziseme. Makufuli ya kuzungusha yanakula mchanga. Udongo wetu mwekundu ukilowa unapenya humo, ukikauka mguu unalia kila ukivutwa, na siku moja utagoma. Ninaufungua wote nyumbani, naosha kwa maji ya kawaida, napangusa, nauacha ukauke kabla ya kuufunga tena. Mpira wa mguu mmoja ulibaki kwenye tope, sikuupata tena. Na kupiga picha ya wima ni mateso: ukilaza kichwa upande, kamera inagusa ardhi. Kinachotibu hilo ni kile kibamba chenye umbo la L, kinachozunguka kamera chini na ubavuni, ila bei yake karibu ilingane na ya tripodi.

Kwa uyoga nilienda kwa fundi cherehani, soko la Kenya (komine ya hapa Lubumbashi, si nchi), na mguu wa suruali ya jinzi ya zamani. Nilimwelekeza: mfuko wa upana wa mikono miwili, zipu upande mmoja, tako la turubai ili maji yasipande. Alishona huku akiniangalia.

"Papa, huu mufuko ni wa kufanya nini?"

"Ni wa kulalisha apareyi (kamera), fundi."

"Apareyi inalala?"

"Inalala chini, na miye nalala pembeni yake."

Akacheka, akanitoza franka elfu kumi, nikalipa bila kubishana.

Siri ya mfuko ni kutoujaza. Ukiujaza ukaumuka, kamera inakaa juu yake na kuteleza. Jaza robo tatu, uubonyeze kwa ngumi katikati, kamera ipate shimo lake, kisha usukume lenzi mpaka usikie imekaa. Hapo katikati ya lenzi iko sentimita 9 au 10 kutoka ardhini, macho kwa macho na uyoga. Mtikisiko mdogo wa shata unamezwa na maharagwe. Bado natumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisihusike.

Cha kutia ndani nimejaribu vingi. Mchele unapata njia kwenye kila mshono. Mahindi ni mazuri mpaka fukusi wayakute. Vile vipunje vyeupe vya mito ni vyepesi mno, vinabonyea hadi chini. Nimerudi kwenye maharagwe makavu, lakini ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwanza, ndipo niuingize kwenye jinzi. Yakilowa yanavimba na kunuka, na harufu hiyo haitoki kwenye begi. Yakibaki makavu, siku ukilala porini unayapika ule na bukari (ugali).

Mfuko una kikomo. Ukisogeza fokasi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, kamera inajongea kidogo na kuunganisha kunakuwa vita. Kama kamera yako inasogeza fokasi yenyewe, hilo halikuhusu. Pia skrini isiyoinuka itakulazimisha uweke shavu kwenye matope. Mimi natumia simu iliyounganishwa na kamera kwa Wi-Fi, nachuchumaa nikiangalia kutoka juu. Kuchuchumaa kuna faida nyingine: siafu wakipita chini ya mfuko, unawahi kuondoka kabla hawajafika kwenye mkanda wa suruali.

Jambo lingine ambalo watu wa mbali hawalifikirii: hapa kwetu vilima vingi vya shaba viko karibu na migodi, na mtu mwenye tripodi anaonekana ni mpima ardhi au mwandishi wa habari. Ruhusa inaombwa kwanza, hilo halina mjadala. Lakini hata ukiwa na ruhusa, ukifungua miguu mitatu mlinzi anakuja. Ukiweka mfuko wa jinzi chini, anapita akisalimia.

Kwa hiyo nikiwa na dola za kitu kimoja tu, ningeshona mfuko, zilizobaki niziweke kwa ajili ya kichwa kizuri kifupi. Tripodi isubiri.

Kuna pia wanaomwendea fundi wa kuchomelea awatengenezee kibamba cha chuma chenye bolti katikati, kichwa kikae juu yake. Kinafaa, hasa kwenye changarawe. Ila bolti usichukue yoyote ile. Karibu kamera zote zina tundu la robo inchi, yaani milimita 6.35, na vichwa vingi vina la tatu ya nane ya inchi (3/8). Dukani utapewa ya milimita 6 au 10 kwa sababu ndizo zilizojaa. Ile ya 6 inaingia kwenye kamera ikilegalega, meno yake hayalingani, na ukikaza kwa nguvu unayala meno ya kamera. Ile ya 10 haiingii kabisa, na hiyo afadhali. Nenda na skrubu ya tripodi yako mfukoni, mpe muuzaji, na uijaribu nati palepale kaunta kabla hujatoa pesa.