Tanuri la kazi za vioo: lipi ununue kwanza, lipi uliache

Anayetaka kuyeyusha vipande vya kioo vishikane kuwa kimoja, kisha akilaze kioo hicho juu ya kalibu mpaka kilegee na kuwa sahani au bakuli, kwa kawaida humuuliza muuzaji tanuri linafika joto gani. Swali hilo lina maana, ila halistahili kutangulia. Vipande hushikana kabisa kati ya nyuzi 800 na 850 za Selsiasi, na kulegea juu ya kalibu huhitaji kati ya nyuzi 650 na 720 hivi, kulingana na aina ya kioo. Karibu kila tanuri linalouzwa kwa kazi hii hufika huko. Tofauti kubwa huonekana wakati wa kushuka.

Kioo kinapopoa, uso hutangulia na kiini hufuata nyuma. Kikishushwa kwa haraka, mkazo hubaki ndani yake, na sahani iliyotoka tanurini ikiwa nzima huweza kupasuka wiki moja baadaye ikiwa kabatini, bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana joto husimamishwa kwanza mahali maalumu, nyuzi 482 kwa kioo cha Bullseye, chapa ya Marekani ya kioo cha kuyeyushia tanurini, na karibu 550 kwa kioo cha kawaida cha dirisha, kisha hushushwa polepole. Kioo cha Bullseye chenye unene wa milimita 6 husubirishwa saa 1 na kushushwa nyuzi 83 kwa saa hadi 427. Unene ukiwa milimita 12, ni saa 2 na nyuzi 55 kwa saa. Ukiwa milimita 19, ni saa 3 na nyuzi 25 tu kwa saa. Tanuri lisiloweza kufuata ratiba ya namna hiyo usiku kucha, nawe umelala, halifai hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa tanuri la umeme lenye kina kifupi, koili zake zikiwa kifunikoni, na kidhibiti joto kinachopokea ratiba ya hatua kadhaa. Koili za juu hupasha uso wote wa kioo kwa pamoja, kwa hiyo katikati na pembeni hupanda kwa mwendo unaokaribiana. Upana wa ndani wa sentimita 40 hadi 50 unatosha sahani za mezani. Hapa kuna uamuzi mmoja ambao wauzaji wa ng'ambo hawauzungumzii sana: kuta za matofali au kuta za blanketi ya nyuzi za kauri? Nyuzi ni nyepesi, hupunguza gharama ya kusafirisha, na hupanda joto upesi kwa umeme kidogo. Hata hivyo, umeme ukikatika saa nane za usiku, tanuri la nyuzi huporomoka joto upesi, ilhali matofali huendelea kukishikia kioo joto lake kwa muda mrefu zaidi. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mimi ningechagua matofali bila kusita, na ningehakikisha kabla ya kulipa kwamba kidhibiti huendelea na ratiba kilipoishia umeme unaporudi, badala ya kuzima.

Nafasi ya pili ni ya tanuri dogo la mezani, lenye mlango wa mbele na nafasi ya ndani ya sentimita 20 hivi, nalo pia likiwa na kidhibiti cha ratiba. Linawafaa wanaotengeneza hereni, vidani na vigae vidogo, na wale wanaotaka kujifunza kwa kuharibu vipande vidogo kabla ya kuharibu vikubwa. Udhaifu wake ni kwamba utalichoka mapema ukianza kutamani sahani.

Ya tatu ni tanuri la mfinyanzi lililotumika. Hufika nyuzi 1,200 na zaidi, joto ambalo kioo hakilihitaji, na koili zake ziko kwenye kuta za pembeni, hivyo kingo za sahani hupata moto kabla ya katikati na kioo huweza kupasuka kingali kinapanda. Dawa yake ni kupandisha joto polepole zaidi na kukiweka kioo mbali na kuta. Mengi ya matanuri haya ya zamani yana swichi inayojizima tu joto likifika kiwango kilichowekwa, bila kusimamia kushuka kwake. Itabidi umlipe fundi aongeze kidhibiti, na gharama hiyo uiingize kwenye bei tangu mwanzo.

Mwisho kabisa ni kile kitanuri cha kuingiza ndani ya maikrowevu. Huyeyusha kidani kwa dakika chache, lakini njia pekee ya kupoza ni kukiacha kimefunikwa na kungoja. Kwa zawadi ya mtoto ni sawa. Kwa bidhaa ya kuuza, hapana.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kusoma tangazo. Tanuri la Marekani la volti 120 likichomekwa kwenye volti 230 zetu huvuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, na koili haziwezi kustahimili. La volti 240 hufanya kazi, ila volti zikishuka hadi 200 hubakiwa na takriban asilimia 69 ya nguvu zake, na ratiba huchelewa. Soketi ya ampea 13 hubeba kilowati 3 hivi. Tanuri linalozidi hapo lifungiwe waya wake na breka yake na fundi umeme.

Wanaotarajia kutumia vioo vilivyotupwa, kama zinavyofanya karakana za Kitengela nje ya Nairobi na Shanga mjini Arusha, wasichanganye chupa na kioo cha dirisha katika sahani moja, kwa sababu havisinyai kwa kiwango kimoja vinapopoa. Kipande cha kwanza kinachopitisha mwanga kikitoka na kupoa, kishike mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta mpakato, ukitazame kupitia miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi (zile zinazochuja mng'ao), na uizungushe miwani hiyo mpaka skrini iwe nyeusi. Sehemu zitakazong'aa ndani ya kioo ndiko mkazo uliko. Zikionekana, kirudishe tanurini, upandishe joto taratibu hadi nyuzi zake za kusubiri, na safari hii uongeze saa.