Rilei ya ovalodi kwenye mashine ya kusaga, uzoefu wangu

Wadau wa mashine za kusaga hii yenu. Mota yangu ni hp 10, fezi tatu, kwenye kibati imeandikwa 15 A. Fundi akanifungia rilei ya ovalodi, yaani kifaa kinachokata mota ikivuta umeme kupita kiasi, Schneider LRD21, chini ya kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili), rilei yenyewe ni ile inayosetiwa kuanzia ampia 12 mpaka 18, tukaiweka kwenye 15 hapo hapo. Tangu hapo sijapeleka mota kusukwa waya upya, na bei ya kusuka mnaijua wenyewe.

Nachoipendea haina papara. Mota ikiwaka inavuta hata mara sita ya umeme wa kawaida kwa sekunde chache, yenyewe inaacha ipite, maana ndani kila fezi ina kibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja, kikipata moto kinapinda taratibu, kikipinda sana kinaachanisha mguso wa namba 95 na 96, koili ya kontakta inakosa umeme, mashine kimya. Juzi kijana kamwaga mahindi mabichi debe zima kwa mkupuo, mkanda unalia, klampu mita inasoma ampia 22, hata dakika mbili hazikufika ikakata.

Kuna siku pia fezi moja ilipotea mtaani, mota ikabaki inanguruma kwa mbili na hizo mbili ndo zinabeba mzigo wote, ikakata vilevile. Jirani mwenye breka tupu mota yake ilinuka vanishi ya waya ikiungua hadi kwangu.

Kero ipo. Ikishatrip lazima ipoe kwanza, ukibonyeza kile kitufe cha bluu cha kuirudisha mapema hakishiki, na wateja na ndoo zao wanakutolea macho tu. Msije mkaiweka kwenye auto ijirudishe yenyewe, hasa kama unawashia swichi ya kugeuza inayobaki kwenye ON, itawaka mtu mkono uko kwenye kinu. Iacheni kwenye manual, muirudishe kwa mkono. Halafu kuna mafundi wakiona inatrip wanakuzungushia mpaka 18, hapo si bora uitoe tu!

Shoti haizuii hii, breka au fyuzi bado unahitaji. Na wenye starta ya star-delta (ile inayowasha mota kwa hatua mbili) angalieni, rilei ikiwa imefungwa kwenye waya za kwenda kwenye mota baada ya kugawanyika, unaseti 0.58 ya ampia za kibati, mota ya 30 A inakuwa kama 17 hivi, kwahiyo muulize fundi kaifunga wapi kabla hujagusa hiyo namba.