Programu ya ujauzito katika simu: wiki nane za matumizi hapa Lubumbashi

Shemeji yangu aliniwekea programu hii katika simu mwishoni mwa wiki ya saba ya ujauzito wangu wa pili, nami nimeitumia kila siku mpaka wiki ya kumi na tano, hapa nyumbani katika komini ya Katuba. Ni mojawapo ya zile programu za bure, za Kifaransa, ambazo humtaka mama aandike tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kisha humhesabia wiki na kumshauri kuhusu chakula, mwendo, usingizi, pombe na sigara. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu baadaye nilijaribu nyingine mbili, nikakuta zinafanana kwa mazuri na kwa mapungufu.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kengele ya saa tatu usiku. Katika ujauzito wa kwanza nilianza kliniki mwezi wa tano, na vidonge nilivimeza siku nilizokumbuka tu. Safari hii simu ililia kila usiku, na ujumbe haukuondoka mpaka nibonyeze kwamba nimemeza. Katika wiki zote hizo nimekosa siku nne. Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito apate kila siku mikrogramu 400 za asidi ya foliki pamoja na miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma, na ushauri huo haumsaidii mtu anayesahau. Programu hiyo hiyo ndiyo iliyonisukuma kwenda kliniki mapema, kwa kunieleza kwamba tangu mwaka 2016 shirika hilo linapendekeza mama aonane na wahudumu mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya kumaliza wiki ya kumi na mbili. Nilikwenda wiki ya tisa. Ushauri wa kichefuchefu nao ulikuwa mzuri: tangawizi, na kula kidogo kidogo badala ya kukaa na tumbo tupu hadi mchana.

Katika chakula, mambo yalibadilika. Kila jioni programu huuliza umekula nini, nawe unachagua kutoka katika picha: brokoli, samoni, mtindi, mkate wa ngano nzima. Bukari, yaani ugali wetu, haimo. Lengalenga (mchicha) haimo, matembele hayamo, sombe (majani ya muhogo) haimo, wala finkubala, wale viwavi wa kuliwa, ambao kwa protini na madini ya chuma ni chakula cha kumtosha mama mjamzito kabisa. Kwa wiki ya kwanza nilijibu kwa uaminifu, na kila jioni nilionyeshwa duara jekundu lenye maneno kwamba mboga zangu hazitoshi, ilhali nilikuwa nimekula sahani nzima ya lengalenga na maharagwe, vyakula viwili vyenye foleti nyingi, yaani asidi ya foliki ya asili iliyomo katika chakula. Baadaye nilijifunza kuandika spinachi mahali pa lengalenga na kamba mahali pa finkubala, na duara likawa la kijani. Lakini nilijiuliza ni kina mama wangapi wataliamini lile duara jekundu, waache mboga za soko la Kenya, komini ya hapa mjini kwetu, na kutafuta katika maduka ya mjini vitu ambavyo mfuko wao hauviwezi.

Kuna jambo jingine ambalo programu haikuniuliza hata siku moja. Kuanzia wiki ya nane nilishikwa na hamu ya pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande, nami nikawa navunja kipande kila baada ya chakula. Mkunga wa kituo chetu cha afya alinivuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama, akaachilia, akaniuliza kwa sauti ya chini, «Mama, unakula pemba?» Hakunikaripia. Alinieleza kwamba udongo huo unaweza kuuzuia mwili usipokee madini ya chuma niliyokuwa nikiyameza usiku, na kwamba unaweza kuwa na risasi ndani yake, jambo ambalo katika mji huu wa shaba hatuwezi kulipuuza. Kengele yangu ilikuwa ikilia kila usiku, na kila mchana nilikuwa nikiharibu kazi yake bila kujua.

Kuhusu malaria, programu ilinishauri niahirishe safari za kwenda nchi zenye ugonjwa huo. Mimi naishi katika nchi hiyo. Nilichohitaji kuambiwa ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na kwamba kuanzia wiki ya kumi na tatu kliniki hutoa dawa ya kinga, sulfadoksini-pirimethamini. Hayo yote niliyapata kwa mkunga. Vivyo hivyo iliniuliza mara tatu kama navuta sigara, swali la haki, lakini haikuuliza kama napikia makala kwenye mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa, ambako moshi na gesi ya kaboni monoksaidi humpunguzia mtoto oksijeni. Wala haikuuliza kazi ya baba watoto. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba alifanya kazi inayohusiana na uchimbaji wa madini. Mume wangu anafanya kazi hiyo. Sasa nguo zake za kazi haziingii chumbani, na hufuliwa peke yake.

Juu ya pombe haikuyumba: hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Naongezea tu kwamba munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, uliokaa siku kadhaa huzidi kuchachuka na kupata kilevi, kwa hiyo usidhani ni uji. Hesabu ya hatua sikuitegemea, maana simu yangu mara nyingi hubaki ikichajiwa dukani kwa jirani umeme ukikatika, na siku niliyobeba bidoni nne za maji iliandikwa kwamba sikusogea.

Programu yenyewe ni ya bure, ila mpango kamili wa chakula hulipiwa kwa dola kila mwezi, matangazo yake hula mega, na bila intaneti nusu ya kurasa hazifunguki. Inasikitisha, kwa sababu njia nyepesi inajulikana. Tanzania ilianzisha Wazazi Nipendeni mwaka 2012, ujumbe mfupi wa bure kwa Kiswahili uliofika hata katika simu ndogo isiyo na intaneti. Afrika Kusini ilianzisha MomConnect mwaka 2014 kwa njia hiyo ya ujumbe mfupi, chini ya wizara yake ya afya. Mama wa Katuba au wa komini ya Ruashi angefaidika zaidi na huduma ya namna hiyo, yenye Kiswahili chetu na mboga zetu, kuliko picha nzuri za samoni.

Basi ninaipendekeza kwa kengele na kwa hesabu ya wiki, kwa mama anayekwenda kliniki. Kwa asiyekwenda, siipendekezi. Kasoro kubwa niliyoiona ni wakati wake. Mrija wa neva, unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hufungika takriban siku ya 28 baada ya mimba kutunga, yaani karibu na wiki ya sita kwa hesabu ya kliniki, nami niliianza programu wiki ya saba. Asidi ya foliki inatakiwa kuanza kabla ya mimba. Mdogo wangu ataolewa mwezi wa nane. Juzi alipokuja nyumbani nilichukua simu yake, sikumwekea programu yoyote. Nilimwekea kengele ya saa tatu usiku, nikamtuma kituo cha afya akaulizie vidonge.