Injini ya Ford Model T: babiti safi, mtetemo uko pale pale

Nina hasira, niseme mapema. Injini ya Model T ya 1914 imekaa miezi kadhaa kwenye gereji moja hapa Ohio inayojinadi kwa magari ya kale. Niliagiza kitu kimoja: itulie na ipunguze kelele. Imerudi inatikisa usukani vile vile, na msimamizi wao, bila hata kufungua boneti, akaniambia magari ya enzi hizo ndivyo yalivyo, nizoee.

Si kweli! Mtetemo mdogo wa silinda nne, ule unaokuja mara mbili kila kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikizunguka, hauondoki. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alihitaji shafti mbili za ziada kuufuta. Lakini huu wangu si huo.

Walisawazisha kranki peke yake. Kranki ya Model T ni nyembamba, haina vizito vya kuisawazisha, na imeshikwa na beringi tatu tu. Nyuma yake linaning'inia flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, lenye sumaku 16, halafu ngoma tatu za giaboksi. Kila ngoma husawazishwa kivyake, na flaiwili pamoja na sumaku na skrubu zake zile zile. Ukibadilishana skrubu tu, hesabu imeharibika. Nimefungua: ngoma hazina hata alama moja ya drili, yaani hakuna aliyezitoboa kupunguza uzito. Pistoni nazo zinapishana gramu 11, wakati kupishana gramu 1 inatosha kabisa. Chuma hupunguzwa kwa ndani, karibu na tundu la pini, kamwe si kwenye kichwa. Konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, hupimwa ncha moja moja, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Kulinganisha uzito wa jumla hakusaidii kitu.

Kilichonichoma zaidi ni koili, visanduku vinavyotengeneza cheche. Kila silinda ina yake, na cheche hutoka pale pointi (viguso vya koili) zinapoachana, si pale taima, swichi inayoipa kila koili umeme kwa zamu, inapogusa. Springi ikikaza zaidi kwenye koili moja, umeme unachelewa kuivuta, silinda hiyo inachelewa kuwaka, na injini inachechemea hata kama vyuma vyote vimesawazishwa kwa mizani ya sonara. Pengo la pointi ni milimita 0.8, kisha kila koili irekebishwe kwenye mashine ya kupimia mpaka ivute ampea 1.3, zote nne sawa. Kapasita ya zamani ni ya kutupa. Za kwangu walizipaka vanishi, zikang'aa, wakazirudisha. Nimezirekebisha zote nne bila kugusa kitu kingine, na zaidi ya nusu ya mtikisiko umekwisha. Kazi ya mchana mmoja!

Haki yao niwape: babiti, ile metali laini ya beringi, wameimwaga vizuri mno. Haina vitundu, imeshika bloku, nafasi ya mafuta ni milimita 0.04 kwenye beringi zote tatu, na shimu, vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi hiyo, wameziacha za kutosha kukazia baadaye. Kazi kama hiyo ni adimu. Kwa hilo ningewapa nyota nne.

Basi wapelekee bloku tupu na kranki tu; pistoni na koili zibaki kwako. Ila nikimkumbuka yule msimamizi, hata bloku sipeleki tena. Nyota moja.